Kadi Yenye Chapa ya Ng'ombe

Karibu kila asubuhi, kabla sijafungua duka, simu yangu inakuwa imeshapokea uongo wa kwanza. "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litatokea." Hela ipi, na kwa nini nikutumie, ujumbe hausemi. Siku nyingine ananiandikia mtu anayejiita mwenye nyumba wangu, eti laini yake ya zamani imeharibika, kodi niitume kwenye mpya. Nyumba ninayokaa nimeijenga mwenyewe na mafundi wake nimegombana nao wote, kwa hiyo huyo huwa namjibu: "Njoo kwanza uzibe paa, linavuja." Mpaka leo hajaja na mafundi.

Mimi nauza vifaa vya wachimbaji pale Segese: viatu vya mpira, tochi za kichwani, kamba, sururu, nyundo. Biashara hii inakufundisha ukorofi hata kama hukuzaliwa nao, na mimi nilizaliwa nao. Mteja anakunyooshea simu uone ujumbe wa malipo, kumbe kauandika mwenyewe akiwa amekaa choo cha gesti. Siku hizi siangalii simu ya mtu. Naangalia salio langu, na kama halijaongezeka viatu vinarudi kwenye msumari. Wananiita mama roho mbaya. Nawaambia wakanunue kwa mwenye roho nzuri, kama hajafunga duka.

Kwa hiyo nilijiona nimemaliza kusoma. Sikuogopa tapeli yeyote. Niliyemwogopea ni baba.

Baba yangu ni mfugaji, Msukuma wa ng'ombe na jembe, na maisha yake yote aliishi kwenye ardhi aliyoachiwa na baba yake. Mgodi ulipotaka kupanuka, ardhi ile ikaangukia ndani ya mipaka mipya. Wakaja wapimaji, wakahesabu vyumba, wakahesabu hata mashina ya mihogo, na mwisho fidia ikalipwa. Baba hakulilia nyumba wala shamba la mpunga. Kilichomnyima usingizi ni kaburi la mama, ambalo lilikuwa nyuma ya zizi. Mgodi ulitenga makaburi ya pamoja, yenye uzio, kwa ajili ya marehemu wa eneo lote. Anayetaka kumpeleka wa kwake kwingine aliruhusiwa, mradi awe amemhamisha kabla ya mvua.

"Mke wangu hatalala kwenye foleni," baba alisema, na hakurudia tena.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Ilibidi apate shamba jipya, la kwake, lenye hati ya kijiji, ili mama azikwe mahali ambapo hakuna atakayetuambia ondokeni. Fedha ya kulinunua shamba hilo ndiyo hiyo fidia, na hapakuwa na nyingine. Ng'ombe aliobaki nao baada ya kiangazi kile kirefu walikuwa wa kukamua tu. Yote ilikuwa kwenye akaunti yake ya benki. Nilimpigia baba karibu kila siku: usimpe mtu kadi, usimtajie mtu namba, ukipigiwa simu kata. Alikuwa ananijibu, "Nimesikia, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyozoea kuniita tangu nikiwa mtoto. Lakini baba hajui kukata simu. Kwetu mtu akikusalimia unamjibu mpaka salamu ziishe, uulize nyumba, uulize watoto, uulize mvua, na ukimkatiza umemtukana. Tapeli akishajua salamu za Kisukuma, kwa baba ameshafunguliwa mlango na kupewa kigoda.

Akaunti zenyewe zilifunguliwa kijijini. Watu wa benki walikuja na turubai na meza, kila mzee aliyelipwa fidia akapewa kadi ndani ya bahasha. Baba, anayeweza kumtambua ndama wake katikati ya kundi la jirani kwa jinsi anavyotikisa sikio, alizitazama zile kadi pale mezani akakosa amani. Zote rangi moja, zote ukubwa mmoja. Akamuuliza msichana wa benki, zikichanganyika itakuwaje? Msichana akamwonyesha palipoandikwa jina. Baba akashukuru. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, ila hilo hakumwambia.

Shamba likapatikana, upande wa magharibi kule, kwa wakulima. Mwenye shamba alikuwa mtu wa pupa. Akatuambia kuna mnunuzi mwingine, na kama Jumatatu asubuhi hatujaleta sehemu ya fedha mbele ya mwenyekiti wa kijiji, yeye anauza. Alitupigia Jumapili. Baba akatoka kijijini, mimi nikatoka Segese, tukakutana Kahama baada ya misa. Benki imefungwa bila shaka, lakini kuna mashine ya kutolea fedha kwenye ukuta wa sheli moja pembeni ya barabara.

Nilikuwa nimeshakasirika kabla hatujafika. Nilimkasirikia mwenye shamba, nikalikasirikia jua, nikamkasirikia baba kwa kuvaa koti zito la sherehe kana kwamba tunaenda kuposa. Mwenye shamba akapiga tena. Nikasogea pembeni kumsikiliza, kwa sababu malori yalikuwa yanapiga kelele, na nikampa baba mgongo. Sikumpa mgongo muda mrefu. Nilikuwa nambishia yule bwana kuhusu mpaka wa mashariki, basi.

Niliporudi baba alikuwa amesimama mbele ya mashine, kadi mkononi, anaigeuza huku na huku.

"Umeshatoa?"

"Bado. Kuna kijana alikuwa ananisaidia."

"Kijana gani?"

Akanieleza polepole, kama kawaida yake. Kijana msafi, shati limechomekwa, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Kasema shikamoo baba, mashine hii ina tabia ya kumeza kadi zenye vumbi, lete nikufutie. Akaifuta kwa leso, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu. Baba akamwambia wabeja, asante. Halafu kijana akapanda bodaboda.

"Hii siyo yangu," baba akasema.

"Baba, kadi zote zinafanana."

"Ndiyo nakwambia. Yangu haifanani."

Nikaichukua. Ya benki ileile, rangi ileile. Nikasoma jina. Lilikuwa jina la mwanamke. Lakini nikashangaa, maana baba hawezi kusoma maandishi yale bila miwani, na miwani hana.

"Umejuaje?"

"Haina chapa."

"Chapa gani?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya nyumbani. Jioni ile ile alipopewa kadi, alichukua sindano ya kushonea magunia, akaitia motoni mpaka ikawa nyekundu, akachoma chapa yake nyuma ya kadi, pembeni, kwa vitundu vidogo. Chapa ya boma letu ni tarakimu nne, babu alipewa na bwana mifugo zamani zile, na kila ng'ombe wetu anayo pajani. Hata mimi naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Kitu chako kikifanana na cha wengine unakitia alama, baba alisema, vinginevyo utasemaje ni chako?

Kwa sekunde moja nilitaka kumkumbatia. Mzee wangu! Wasomi wangapi wameondoka na kadi ya mtu mwingine mfukoni, wakagundua baada ya wiki? Yeye kaigundua hata kabla ya kuiingiza kwenye mashine, kwa kuipapasa na kidole gumba. Halafu kitu kikaniambia niulize.

"Baba. Na namba ya siri uliyochagua ni ipi?"

"Si hiyohiyo. Nyingine ningeisahau."

Kadi ya fidia, kadi ya shamba la mama, ilikuwa inakwenda mjini juu ya bodaboda mikononi mwa mwizi, na namba yake ya siri imechomwa kwa moto mgongoni mwa kadi yenyewe.

Nikaanza kuzunguka pale sheli kama kuku anayetaka kutaga. Nani wa kupigia? Namba ya benki ilikuwa wapi? Simu yangu mtandao unasuasua. Ndipo nikaona karatasi imebandikwa vizuri kando ya mashine, imechapwa kwa kompyuta, na nembo juu: kadi ikipotea au kumezwa, piga namba hii haraka. Nikashukuru Mungu, nikapiga. Ikapokelewa papo hapo. Hilo peke yake lingenitosha kunishtua, maana huduma kwa wateja gani ya benki inapokea papo hapo, tena Jumapili? Lakini mtu aliyetishika haoni vitu kama hivyo. Unataka sauti tu, na sauti ilikuwepo, tena ya upole.

"Karibu sana dada yangu. Pole kwa tatizo. Tulia, tutaifunga sasa hivi."

Nikamweleza. Akaniuliza jina la mwenye akaunti, nikamtajia. Akasema kadi iko mikononi mwa wezi, kila dakika ni ya hatari. Akasema mfumo unataka kumtambua mwenye kadi, nimpe mzee simu ataje namba yake ya siri mwenyewe. Na mimi, mimi ambaye sikuuzii kamba bila kuona salio, nikampa mzee simu.

Yule mtu alipoisikia sauti ya baba akageukia Kisukuma. "Mwangaluka, baba."

Uso wa baba ukafunguka. Akaitikia. Wakaulizana habari. Nyumbani mhola, yaani shwari. Ng'ombe mhola. Mvua bado. Mimi naruka ruka pembeni, nakunja vidole, namwonyesha kwa mikono aharakishe, na yeye ananipungia nitulie. Kisha nikaona anasikiliza kimya. Kisha akataja namba, tarakimu nne, bila kusita, kwa sauti ya mtu mkweli.

Haikuwa chapa yetu.

"Baba, siyo hi..."

Akanikanyaga. Kwa kiatu chake cha misa, juu ya vidole vyangu vilivyo wazi, na akaubakiza mguu pale. Nikafumba mdomo kwa maumivu. Nikamsikia yule mtu kwenye simu akisema, "Asante baba, imekubali. Kadi imefungwa. Sasa rudini nyumbani mkapumzike. Na msiende benki kwa siku mbili tatu, mfumo unajisafisha." Baba akasema wabeja sana, akanirudishia simu.

"Huyu si wa benki," akasema. "Nimempa namba ya uongo, kaniambia imekubali."

Nikamuuliza kwa nini alimdanganya, ikiwa mwanzo alimwamini. Akasema hakumwamini wala hakumkataa. Mgeni akikuuliza una ng'ombe wangapi, humwambii hapana, na humwambii idadi ya kweli. Unamtajia idadi yoyote, mnaendelea kuongea. Mwenye haja ya kweli hatajali. Mwenye haja nyingine atajulikana tu. Na hao wa benki, akasema, namba yangu si wanayo wao? Kwa nini waniulize mimi?

Hapo akili ikanirudia. Karatasi ile ilibandikwa na haohao. Kijana msafi anachukua kadi, lakini kadi bila namba ya siri ni kipande cha plastiki, kwa hiyo mwenzake anakungoja kwenye simu, umpelekee namba mwenyewe ukiwa unalia. Walishajua utatazama ukuta. Na kama sasa hivi wanajaribu ile namba ya uongo kwenye mashine fulani, itakataa, na wataishika kadi wakiitazama kwa hasira. Walichohitaji ni kuigeuza tu.

Kadi ya yule mwanamke ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaigeuza. Nyuma, kwa maandishi madogo yaliyofutikafutika, kulikuwa na namba ya simu ya benki. Nikaomba kitochi cha baba, kile kisimu chake kidogo, nikaanza kubonyeza. Muziki. Kwa Kiswahili bonyeza moja. Muziki tena. Wahudumu wetu wote wanahudumia wateja wengine. Nilitamani kuingia ndani ya simu nikawatoe kwa mashati.

Simu yangu ikaita, ile namba ya ukutani.

"Pokea wewe," nikamwambia baba. "Mzungushe."

"Baba," ile sauti ikasema, sasa upole umepungua, "mfumo umekataa. Rudia namba."

"Imekataa?" baba akashangaa vizuri kabisa. "Aa, uzee huu. Ngoja nikumbuke." Akaguna. Akahesabu kwa vidole hewani, mbele yangu, huku jasho linamtiririka ndani ya lile koti. Akataja nyingine, ya uongo. Kisha mkono uleule wa kuhesabia ukanishika bega, ukanibana kwa nguvu. Sikuwahi kumwona baba yangu akiogopa, hata siku fisi walipoingia zizini, na sasa nilimwona, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Kwenye kitochi mtu akapokea. Dada mmoja, amechoka, hana upole wowote wa ziada. Nikamwambia funga kadi, imeibwa. Akaniuliza jina la mwenye akaunti, tawi, namba ya simu, fedha iliingia mara ya mwisho kutoka wapi. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana akiniuliza namba ya siri. Hakuiuliza, mpaka mwisho. Ila akasema, "Nahitaji kuongea na mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa na mwizi sikioni.

Nikamwonyesha baba kitochi. Akaelewa. Akamwambia yule mwizi, "Subiri kidogo mwanangu, nafukuza mbuzi," akaitia simu yangu ndani ya koti, chini ya kwapa, akashika kitochi. Muuza mafuta wa pale sheli alitutazama kana kwamba tumetoroka hospitali. Baba akajibu: jina la mama yake mzazi, tarehe ya kuzaliwa ya kwenye kitambulisho, ambayo yeye mwenyewe haiamini, jina la kijiji. Dada akasema sawa mzee, nimeifunga, salio lako lipo lote, kesho njoo tawini na kitambulisho. Mara ujumbe ukaingia kwenye kitochi. Nikausoma mara mbili. Nikaketi kwenye ukingo wa saruji pale pale, na sketi yangu ya kanisani.

Baba akaitoa simu yangu kwapani. Mwizi alikuwa bado yupo, masikini, anangoja.

"Mbuzi wameingia," baba akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Sasa igeuze hiyo kadi. Nyuma, pembeni. Papasa."

Kitu kikakwaruza upande wa pili wa simu.

"Umeiona? Hiyo ndiyo namba uliyokuwa unaitafuta. Na ndiyo chapa yangu. Mnyama mwenye chapa hiyo ukimpeleka mnadani watakuuliza umempata wapi."

Simu ikakatika. Baba akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilimgombeza. Nilimwambia amekosa akili, anawaambiaje wezi alama ya boma, wakimtafuta je? Akaendelea kucheka, na kweli nikacheka na mimi, nikicheka huku nalia, na hasira ikiwa palepale. Kisha nikaibandua ile karatasi ukutani kwa kucha. Muuza mafuta akasema ipo siku nyingi, walidhani ni ya benki.

Asubuhi ya Jumatatu mwenye shamba tulimpigia tukiwa kwenye foleni ya benki, baba akamsihi angoje mpaka mchana, akakubali kwa kulalamika. Baba akapewa kadi mpya, na alipokuwa anachagua namba mpya niligeuka nikatazama kalenda ya ukutani. Nikamwonya asiichome kwenye kitu chochote. Akasema sawa. Wiki iliyofuata nilipomwomba nione kadi alisema iko mfukoni mwa koti, na koti liko kwa fundi, jambo ambalo silisadiki hadi leo.

Ile kadi ya mwanamke tuliikabidhi dirishani. Mhudumu akaitafuta kwenye kompyuta, akaikata vipande viwili kwa mkasi.

"Mwenyewe je?" baba akamuuliza. "Alipoteza kitu?"

Mhudumu akasema hayo hawezi kuyasema, ni siri ya mteja. Lakini hakutuangalia usoni aliposema, na baba akaelewa. Njia nzima hakucheka tena. Ningemwambia nini? Yule mama naye alikuwa na lake alilokuwa akiliwekea ile fedha, karo au bati au mgonjwa, na kadi yake tupu ndiyo waliyoitumia kutuvua sisi.

Shamba likalipwa, benki kwa benki, mbele ya mwenyekiti. Mawingu yalishaanza kukusanyika tulipomfukua mama. Watu wa afya walikuwepo, katekista alikuwepo, na baba alikataa kukaa chini ya kivuli alichowekewa. Alisimama pale mpaka sanduku jipya lilipofungwa, akapanda nyuma ya gari pamoja nalo.

Kwenye shamba jipya vijana wa ukoo walikuwa wanamalizia kuchimba. Wote ni wachimbaji, wanashinda kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na mchimbaji hachimbi shimo lolote, hata la choo, bila kuutazama udongo. Walipofika kiunoni mmoja akasimama. Aliokota jiwe jeupe lenye michirizi ya kutu, akalilowesha kwa mate, akaligeuza juani. Wenzake wakaacha sururu. Nimeuza vifaa kwa watu hawa miaka mingi, najua sururu zikisimama hivyo wameona dalili ya dhahabu.

Baba akasogea ukingoni. "Lete."

"Baba mkubwa, hili jiwe..."

"Ni jiwe. Lete."

Akalipokea, hakulitazama hata, akalitupa chini shimoni. Akawaambia waendelee. Wakaendelea, lakini sasa walichimba polepole, na kila koleo la udongo lililotupwa juu macho yao yalilifuata. Mama akateremshwa, katekista akasali, tukamfukia. Nilitupa udongo wangu nikiomba mambo mawili kwa wakati mmoja, mama apumzike na jiwe lile liwe jiwe tu, na sikumbuki nilianza na lipi.

Watu walipotawanyika, baba alibaki ameshika mpini wa koleo. Nilimwambia twende akale. Badala yake akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mayu, wakija kupima na hapa, tutampeleka wapi?"

Nilimwambia hawatakuja. Alikuwa anamtazama yule kijana aliyeokota jiwe, anaondoka peke yake kuelekea barabarani, mkono mmoja mfukoni, na hautoi.